Simu ya kupangusa mikononi mwa mzee: yale tuliyojifunza kwa kufundisha

Simu nyingi za kupangusa zinazonunuliwa kwa ajili ya bibi na babu huishia kabatini. Mzee anarudi kwenye kitochi chake, na vijana wanasema, "Mzee hawezi mambo haya." Ukikaa na wazee wa kutosha unaona jambo jingine kabisa. Mzee huyohuyo anatumia M-Pesa tangu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, anajua menyu ya *150*00# kwa kufuata tarakimu bila hata kusoma kilichoandikwa, na anajua wakala yupi ana floti na yupi hana. Kichwa hakina shida. Tatizo ni simu aliyopewa, ambayo haikuandaliwa: imetoka dukani na maandishi madogo, kioo kinachozimika baada ya sekunde 30, programu chungu nzima asizozihitaji na matangazo yanayojitokeza yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu inafanyika kabla mzee hajaishika simu.

Kwanza simu yenyewe. Usimrithishe mzee simu iliyomshinda mjukuu. Simu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 au 2 inachelewa kuitika. Mzee anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena. Kumbe ule mguso wa kwanza ulikuwa bado unafanyiwa kazi, na wa pili unaangukia kitu kingine kilichofunguka katikati. Hapo ndipo unapomsikia akisema simu hii ina mashetani. Tafuta yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 kwenda juu, maana video za makundi ya ukoo zinajaza simu upesi sana. Betri iwe ya mAh 5,000 na tundu la chaji liwe la Type-C. Hilo la tundu watu hulipuuza. Waya wa zamani wa micro-USB una upande wake. Mzee akiuchomeka gizani anaulazimisha, na baada ya miezi michache tundu limelegea na simu haishiki chaji. Type-C inaingia upande wowote. Kama simu si mpya, angalia pia toleo la Android: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0. Zile simu za vitufe zinazotumia mfumo wa KaiOS badala ya Android, ambazo wengi walizijua kwa jina la Smart Kitochi, zilifaa sana kwa wazee, lakini WhatsApp imeacha kuzihudumia. Usimnunulie mzee leo kwa ajili hiyo.

Na kitochi kibaki. Hili tunalisisitiza kuliko yote yaliyomo humu. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, kina tochi, na kina vitufe ambavyo kidole kinavihisi. Pitisha kidole juu ya tarakimu 5 ya kitochi chochote utakuta kinundu kidogo. Kwa kinundu hicho mzee mwenye mtoto wa jicho anajua 2 iko juu yake, 8 iko chini, 4 kushoto na 6 kulia, na anapiga namba bila kuona. Kioo cha kupangusa hakina kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo laini yenye pesa ibaki kwenye kitochi. Simu mpya itiwe laini ya pili, iliyosajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, ya mtandao wenye mnara unaoshika vizuri nyumbani kwake, na kazi yake iwe bando tu. WhatsApp unaweza kuifungua kwa namba ileile ya zamani ambayo ndugu wote wanayo: ingiza namba hiyo kwenye simu mpya, meseji yenye tarakimu sita itaingia kwenye kitochi, isome, ziandike tarakimu kwenye simu mpya, basi. Baada ya hapo simu ya kupangusa ikiibwa, au mtoto wa jirani akiichezea, pesa haiguswi.

Ukishaipata simu, kaa nayo peke yako saa moja hivi kabla ya kuikabidhi.

Fungua akaunti mpya ya Google kwa jina la mzee. Ukiingiza ya kwako kwa haraka, namba zako zote mia kadhaa zitamwagika kwenye orodha yake, naye atampigia fundi wako wa gari akidhani ni mjomba. Nywila iandikwe kwenye daftari litunzwalo na hati za nyumba, na namba ya kuirejesha akaunti iwe ya mtoto anayeaminika. Halafu weka lugha ya Kiswahili. Wapo wanaosema Kiswahili cha simu ni kigumu, lakini mzee akiona "Hali ya ndegeni" au "Usinisumbue" ana pa kuanzia. Sharti ni moja: yeyote atakayemsaidia kwa mbali ayajue maneno hayo, la sivyo atamwambia atafute neno ambalo kwenye kioo chake halipo.

Ndani ya Mipangilio, sehemu ya Onyesho, kuza maandishi hadi ngazi moja kabla ya mwisho. Ukienda mwisho kabisa, baadhi ya programu zinakatwa pembeni na kitufe cha kutuma kinajificha. Muda wa kioo kuzimika uwe dakika 2 hadi 5. Mzee anasoma taratibu, na kioo kikizimika kila akifika katikati ya sentensi anaona anafukuzwa. Badilisha uongozaji wa simu uwe wa vitufe vitatu vya chini, yaani pembetatu ya kurudi, duara la nyumbani na mraba, badala ya ule wa kutelezesha kidole kutoka ukingoni. Kutelezesha hakuonekani, hakuna alama inayomwambia mzee kwamba pale kuna njia. Kwenye Ufikivu kuna mahali pa kuongeza muda wa kubonyeza na kushikilia. Weka mrefu kabisa. Simu za Samsung zina hali rahisi inayofanya mengi ya haya kwa pamoja, na kwa mzee ni bora kuliko mpangilio wa kawaida.

Kisha fagia kioo cha mwanzo. Bakiza WhatsApp, simu, kamera, picha na saa. Chini yake weka njia za mkato za watu wanne au watano anaowapigia kila wiki, kila mmoja na picha ya uso wake, ili kubonyeza sura kumpigie moja kwa moja. Kwa bibi asiyesoma hili pekee linatosha kuifanya simu iwe yake. Ukimaliza, funga mpangilio usihamishike. Kwenye simu nyingi utaona chaguo hilo ukishikilia sehemu tupu ya kioo na kuingia mipangilio ya kioo cha mwanzo. Zima arifa za kivinjari, za duka la mandhari na za michezo. Simu nyingi za bei nafuu huleta picha na habari kwenye kioo kilichofungwa. Zima hizo pia, maana mzee akizigusa anajikuta kwenye tangazo asilojua alifikaje. Mlio wa simu uwe mzito. Masikio yanapozeeka, sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, kwa hiyo ule mlio mkali unaodhani unasikika zaidi huenda yeye haupati kabisa. Ongeza na mtetemo.

Kufuli ya kioo inasumbua. Alama za vidole za mtu aliyelima au kufua kwa mikono miaka mingi zimesagika, na kihisio kinazikataa leo, kesho kinazikubali, jambo ambalo linachosha kuliko kutokuwa nacho. Tumia tarakimu nne. Zisiwe za namba ya siri ya pesa, wala mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho kilicho katika pochi ileile.

Sasa kidole. Kioo cha simu hakisikii nguvu, kinasikia umeme mdogo uliomo kwenye ngozi. Ngozi kavu na ngumu hupitisha kidogo mno, na mzee anabonyeza mpaka ukucha unageuka mweupe bila chochote kutokea. Mwambie atumie nyama ya kidole, si ncha wala ukucha, na kabla ya kuanza apanguse mikono kwa kitambaa chenye unyevu au apake mafuta kidogo ya kujipaka kisha afute. Glasi nene ya kulinda kioo inaongeza tatizo. Chagua nyembamba, au kwenye Onyesho tafuta chaguo la kuongeza wepesi wa mguso kama simu inalo. Upande wa pili ni mazoea ya kitochi. Kitufe cha kitochi kinataka ukikandamize, na mkono umezoea hivyo. Kwenye kioo, kukandamiza kwa muda ni amri nyingine: kunaleta menyu ya kuhamisha au kuondoa, na WhatsApp inatoweka pale mwanzo. Ndiyo sababu ya kuongeza ule muda na kufunga mpangilio.

Uwanja mzuri wa mazoezi ni kikokotoo. Vitufe vyake ni vikubwa, hakuna cha kuharibika, na hesabu ina maana. Mama anayeweka hisa za kikoba anaweza kukaa akijumlisha michango ya wiki, na bila kujua amejifunza kugusa na kuachia. Kwa kusogeza juu na chini, tumia picha za harusi au za wajukuu. Mpe picha nyingi, kidole kitajifunza kwa hamu ya kuona inayofuata.

Nani afundishe? Mara nyingi mjukuu anafaa kuliko mtoto. Kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani. Mzee akikosea wanacheka wote na somo linaendelea. Mtoto wa kumzaa akisahihisha, hata kwa upole, panaingia haya, na mkwe ndiyo kabisa. Lakini mjukuu ana ugonjwa wake: anapokonya simu. "Bibi lete nikuonyeshe," vidole vinapita, "umeona?" Bibi anasema ameona, na hakuona. Kanuni ni kwamba simu haitoki mikononi mwa anayejifunza. Mwalimu anaonyesha kwa kidole bila kugusa kioo, au anakuwa na simu yake pembeni. Fundisheni asubuhi baada ya chai, dakika ishirini au nusu saa, mahali penye kivuli, miwani ikiwa karibu. Jambo moja kwa kikao. Lifanywe siku hiyo, lirudiwe siku nyingine, na lisifuatwe na jipya mpaka mzee alifanye peke yake. Wageni wakiingia, somo lisimame. Mzee hapendi kuonekana anafundishwa, na ana haki hiyo.

Alama ziitwe kwa rangi na umbo. "Bibi, gusa kile cha kijani chenye simu ndani." "Gusa mshale mweupe." Ukisema ingia kwenye chati halafu menyu, umemwacha. Awe na daftari, na mwandishi awe yeye, kwa maneno yake na michoro yake. Daftari lililoandikwa na mjukuu kwa mwandiko mzuri halifunguliwi.

Somo la kwanza ni njia ya kutokea. Kabla ya kuingia popote, mzee ajue duara la chini linamrudisha nyumbani wakati wowote, haidhuru amefika wapi. Afanye mchezo wa kujipoteza makusudi: afungue chochote, aguse chochote, kisha duara. Woga mkubwa wa wazee ni kuharibu kitu cha watu cha bei kubwa, na woga huo unaondoka akishajua mlango uko wapi.

Kisha kupokea simu. Hapa pana jambo ambalo vijana hawalioni kwa sababu ya mazoea: simu inayoingia ina sura mbili. Kioo kikiwa kimezimika, sura ya anayepiga inajaza kioo chote na kwa kawaida lazima utelezeshe kidole. Kioo kikiwa kinatumika, inakuja kama utepe mdogo juu wenye vitufe viwili, na hapo unagusa tu. Mzee aliyefundishwa kutelezesha ataupangusa ule utepe na kuuondoa, na simu itaendelea kulia asijue pa kuijibia. Mpigie akiwa amezima kioo, mpigie tena akiwa anaangalia picha, hadi sura zote mbili zizoeleke. Kama simu inaruhusu kuweka sura kamili nyakati zote, iweke. Mfundishe pia kuwasha spika. Wazee wengi hubana simu kwenye shavu. Glasi ya kulinda ikiwa imefunika kihisio cha karibu na spika ya sikioni, kihisio kinaweza kukosea, kioo kisizimike na shavu likakata simu.

Somo linalowapa wazee furaha ya haraka ni kutuma sauti, kwa kuwa halitaki kuandika. Ufundishe kwa namna isiyochosha kidole. Mzee anafungua mazungumzo ya mtu, anaweka kidole kwenye maikrofoni ya kijani chini kulia, anakisogeza juu hadi kwenye kufuli ndogo, kisha anaachia. Sasa simu inarekodi yenyewe, naye anaweza kuiweka mezani akazungumza. Akimaliza anagusa mshale wa kutuma. Njia ya kushikilia mwanzo hadi mwisho haimfai mwenye mkono unaotetemeka: akiachia mapema sauti inaondoka na salamu nusu, kidole kikiteleza kushoto inafutika. Mzee akianza kutuma sauti atatuma ndefu, kwa kuwa salamu za kwetu zina hatua zake. Sikilizeni zote na mjibu kwa sauti.

Kusikiliza nako kuna mtego. WhatsApp ikihisi kitu kimesogea karibu na sehemu ya juu ya simu, inahamisha sauti kutoka spika kubwa kwenda kwenye kispika cha sikioni. Mzee aliyeishika simu kwa juu, kidole gumba kikifunika kihisio, anasikia sauti ikipotea. Mwonyeshe kushika kwa chini.

Video inafuata, nayo haina mengi. Simu iegemezwe kwenye kopo la sukari mezani badala ya kushikwa, uso uelekee dirisha badala ya kulipa mgongo. Ndugu walio Muscat au Marekani wapange saa maalumu, kwa sababu Oman iko mbele yetu kwa saa moja tu lakini Marekani iko nyuma kwa saa saba na zaidi, na simu ya usiku wa manane humshtua mzee, anadhani ni msiba.

Bando linaharibu masomo mengi. Mzee ananunua, hajafungua kitu, limekwisha, anaona ameibiwa. Kilicholila ni programu zinazojisasisha na video za makundi zinazojipakua. Washa Kiokoa Data, zima kujisasisha kwa programu kwenye Play Store, na ndani ya WhatsApp, kwenye hifadhi na data, zima upakuaji wa video kwa data ya simu. Mtoto anunue bando la mwezi kwa namba ya mzee kutoka aliko. La siku linamfundisha mzee kuhesabu saa badala ya kuongea na watu. Mweleze alama za vema: moja, ujumbe haujamfikia mwenzako, mbili, umefika, mbili za bluu, umesomwa, ingawa wengine huzizima. Mzee akijua hivyo haulizi tena kwa nini mtoto hajibu, anajua mwenzake kazima data.

Sasa wizi, na hapa tusiwe wavivu. Kila Mtanzania amewahi kupata meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Inaonekana ya kijinga hadi siku inapomkuta mzee aliyekuwa kweli ameahidi kutuma hela ya mbegu. Kuna anayepiga akisema ametuma pesa kimakosa na anaomba irudishwe, baada ya kutuma meseji aliyoitunga ifanane na ya kampuni. Dawa yake ni mzee kuzoea kuangalia salio kwa menyu, si kwa meseji, na kumwambia mpigaji aende kwa kampuni yake ya simu. Meseji ya kweli ya M-Pesa inakuja na jina la huduma. Ya tapeli mara nyingi inakuja na namba ya mtu. Kuna anayejifanya mwalimu: mjukuu ameanguka shuleni, tuma ya hospitali sasa hivi. Wastaafu wanaandamwa na wanaojifanya maofisa wa mafao. Wote wanafanana kwa kitu kimoja, wanamnyima mzee muda wa kumuuliza mtu.

Kwa hiyo familia ikubaliane mambo machache na mzee ayajue kwa moyo. Pesa haitumwi kwa namba mpya kabla ya kuipigia namba ya zamani ya mhusika. Pawe na swali la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijibu, mfano jina la mbuzi aliyechinjwa kwenye harusi ya fulani. Siku hizi sauti inaweza kuigwa, lakini jina la mbuzi halimo mtandaoni. Tarakimu sita za WhatsApp haziambiwi mtu yeyote, hata aliyejitambulisha kwa jina la ndugu, kwa sababu akaunti ya ndugu huyo inaweza kuwa imeshaibwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, kwenye akaunti ya WhatsApp, na kwenye faragha, upande wa vikundi, weka kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye kikundi ni walio katika namba zake tu. Na kwa wakala, mzee asimpe simu na kumtajia namba ya siri. Hili linatokea kila siku, kwa nia njema ya pande zote mbili. Afanye mazoezi nyumbani ya kuingiza namba ya siri mwenyewe, kinundu cha 5 kikimwongoza.

Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, na kwa *106# mzee anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Fanyeni hivyo pamoja, wakati mwingine mnakuta asiyoijua. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333, na kampuni hiyo humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee. Programu za mikopo ya papo kwa papo zisiguswe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza 69 zisizo na leseni, na nyingi za namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizomo kwenye simu, ili baadaye ziwasumbue ndugu.

Ujumbe wa kusambazwa una hatari yake, hasa wa tiba. Mzee mwenye kisukari au presha akisoma kwamba majani fulani yanaponya, na aliyemtumia ni mchungaji au shehe wake, anaweza kuacha vidonge. Mwonyeshe mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umeshapita kwa watu wengi na hakuna anayejua ulikotoka. WhatsApp yenyewe tangu 2020 huruhusu ujumbe wa aina hiyo kupelekwa mazungumzo moja kwa wakati mmoja. Ombi letu kwa wazee huwa dogo: dawa ya hospitali isiachwe kabla ya kuulizana.

Baada ya wiki chache utapigiwa: simu imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Kama haipati mtandao kabisa, tafuta alama ya ndege juu ya kioo. Mzee alishusha pazia la juu akagusa Hali ya ndegeni. Kama hailii, tafuta mwezi, hiyo ni Usinisumbue. Kama inasoma kila anachogusa na kila kitu kinataka kuguswa mara mbili, ni TalkBack, inayowaka kwenye simu nyingi vitufe vyote viwili vya sauti vikishikiliwa pamoja sekunde chache, jambo rahisi kutokea simu ikiwa kwenye kanga au mfukoni. Inazimwa vilevile: shikilia vyote viwili sekunde tatu. Kama ilianza yenyewe kupiga namba ya dharura, alibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo. Huduma hiyo inaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya dharura. Kama WhatsApp haipokei picha, hifadhi imejaa. Na kama kuzima na kuwasha kunahitajika, kumbuka kwenye simu mpya nyingi kitufe cha kuwashia kikishikiliwa kinaita msaidizi wa sauti. Menyu ya kuzima inakuja kwa kukibonyeza pamoja na cha kuongeza sauti, au cha kupunguza sauti kwenye Samsung.

Ukiwa mbali, anza kwa kumuuliza anaona rangi gani na umbo gani, usimuulize amebonyeza nini. Hilo la pili linasikika kama lawama, na atajibu "sijagusa kitu." Pakiwa na kijana jirani, WhatsApp tangu 2023 inaweza kuonyesha kioo cha simu ndani ya simu ya video, ukaona anachoona.

Masasisho ndiyo yanayorudisha nyuma kazi yote. Mwaka 2024 WhatsApp ilihamisha vichupo vyake vya Android kutoka juu kwenda chini ya kioo, na daftari za wazee zikawa zinaelekeza pasipokuwa na kitu. Hatushauri kuacha kusasisha, kwa sababu za usalama. Zima kusasisha kwenyewe, kisha ukienda nyumbani likizo au sikukuu, sasisha wewe ukiwa hapo, fungua daftari, kaeni na mzee abadilishe kurasa husika kwa mkono wake, na usiondoke kabla hajatuma sauti moja kwa kufuata maelezo mapya.